Mama Yumo Edani, Kimbunga Kinakuja

Jumapili, saa nane mchana. Kasulu. Jua kali, anga safi, hakuna hata jani linalotikisika. Watu wanapita mbele ya duka langu wakisema, "Leo hali ya hewa nzuri, eh, Mama Tunu?" Nawatazama tu. Ningekuwa na mwiko wa ugali mkononi, mmoja wao angeondoka na nundu.

Nina hasira tangu Alhamisi. Nasema hivyo mwanzoni kabisa ili anayeingia hapa akijiona hana nguvu za kumsikiliza mtu anayefoka, afunge ukurasa akapike.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni mtu wa pwani niliyeolewa bara. Kwetu ni kijiji kimoja kusini ya Kilwa, na nyumba ya baba iko karibu na bahari kiasi kwamba maji yakijaa unayasikia ukiwa jikoni. Hapa Kasulu nina miaka kumi na sita. Nauza kanga na vitenge, na siku za gulio nabeba mzigo mpaka Mabamba, kule mpakani na Burundi. Waha wameshanizoea. Wananiita Mswahili, nami nimeacha kubisha.

Baba yangu amefariki mwaka huu. Mama yumo edani: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyoachwa, bila manukato, bila mapambo, bila kutoka ovyo. Siku zake anazihesabu kwa kokoto. Kila akimaliza kuswali alfajiri anatia kokoto moja kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Anaishi na binamu yangu Zuhura, ambaye ndiye anayempikia, anayekwenda sokoni na anayepokea wageni.

Halafu kuna baba mdogo Shomari, mdogo wake baba.

Arobaini haijafika, baba mdogo alishaanza kusema kwamba shemeji yake angekalia eda Dar es Salaam kwa kaka yangu Hamisi, "apate kuangaliwa." Apate kuangaliwa! Kila mtu pale kijijini anajua kuna mtu anayetafuta viwanja vya ufukweni ajenge hoteli, na kila mtu anajua ni nani anayemtembeza huyo mtu. Nyumba ikibaki tupu wiki moja tu, baba mdogo anaingia na futi kamba.

Kwa hiyo nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema eda inakaliwa nyumbani kwa marehemu. Nikataja dini. Nikataja heshima ya baba. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, Hamisi akanyamaza kama kawaida yake, na mama akafuta machozi akasema, "Mwanahawa kasema kweli." Nilichosema ni kweli, ndiyo sheria yenyewe. Lakini sikuwa natetea sheria. Nilikuwa natetea kiwanja.

Hilo nalikiri leo kwa mara ya kwanza.

Sasa Alhamisi. Nilikuwa Mabamba na mzigo wangu. Ukiwa kule simu haina msimamo. Ukigeukia huku uko Tanzania, ukigeukia kule unapata ujumbe wa kukukaribisha Burundi, na salio linakatwa kama adhabu. Intaneti hakuna. Redio iliyokuwa ikiimba kwenye kibanda cha jirani ilikuwa ya Kirundi. Habari za nchi yangu mwenyewe sikuwa nazo tangu asubuhi, na wala sikuzitafuta, maana biashara ilikuwa imechangamka.

Saa tano hivi simu ikalia. Baba mdogo Shomari.

"Mwanahawa, mwambie mama yako atoke. Kuna kimbunga chaja. Watu wa mwambao wote tumeambiwa tukaingie shule ya msingi, kule juu. Mimi hanisikii."

Nilicheka. Nasema ukweli mbele ya kila anayesoma hapa: nilicheka, na kicheko changu kilikuwa na sumu. Nikamwambia, "Baba mdogo, mwezi uliopita ulileta presha ya mama. Kabla yake ukaleta nyufa za ukuta. Leo umetuletea kimbunga? Kesho utaleta nini, volkano?"

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Mimi nimefikisha." Akakata.

Sikuishia hapo, na laiti ningeishia hapo. Nilimwachia muuza viatu wa jirani meza yangu, nikapanda kamlima nyuma ya gulio ambako mtandao wa kwetu unashika, nikampigia mama. Nikamwambia asitoke. Nikamwambia hata waje na mgambo asitoke, baba mdogo anataka nyumba ibaki tupu. Nikamkumbusha mara ile ya nyuma, walipotangaza upepo mkali, watu wakahama na magodoro vichwani, upepo wenyewe ukafia baharini, na waliorudi wakakuta kuku wao wameliwa.

"Nimekusikia, mwanangu," mama akasema. "Sitoki."

Nikashuka kwenye gulio nimejaa furaha. Niliuza vizuri sana siku ile. Nilimpunguzia hadi yule mama wa Burundi ambaye huwa tunagombana naye kila gulio. Nilijiona nimemshinda yule mzee nikiwa mbali, bila hata kuvua kanga begani. Hiyo furaha ndiyo inayonichoma mpaka sasa hivi ninapoandika.

Nilirudi na lori la maharage, nimekaa mbele na dereva. Tulipopita Kibondo dereva akawasha redio, na tulipofika Busunzu ikaanza taarifa ya habari. Kimbunga kikali. Kinaelekea pwani ya kusini. Upepo wa kung'oa miti, mawimbi ya kuingia majumbani, wakazi wote wa mwambao wahame mara moja waende sehemu za juu. Kinatarajiwa kufika Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kisha likafuata tangazo la magodoro, na muziki wa tangazo la magodoro ulikuwa wa furaha.

Nikapiga kelele lori lisimame.

Tukasimama kando ya shamba la mihogo. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mama huzima simu kutunza chaji, na aliyemfundisha kuizima ni mimi. Simu ya Zuhura ikaita mpaka ikachoka. Nikafungua kundi la familia la WhatsApp. Lilikuwa limejaa tangu asubuhi: picha za mawingu yanayozunguka, sauti za watu wasiojulikana, dua. Hamisi alikuwa ametuma mikono mitatu ya kuomba. Mikono mitatu! Mtoto wa kiume, yuko Dar es Salaam, mabasi ya kusini yanapita karibu na mlango wake, ametuma picha za mikono.

Dereva akaniuliza kwa upole, "Dada, kwenu ndiko huko?" Nikamjibu vibaya. Kaka, kama unasoma hapa, samahani. Hukuwa wewe.

Ijumaa saa moja asubuhi mama akapokea. Nilisikia bati likigongagonga nyuma ya sauti yake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka.

"Mama, toka. Nenda shuleni na Zuhura sasa hivi. Nimesikia redioni, ni kweli."

"Jana nisitoke, leo nitoke," mama akasema. "Shomari kakupata na wewe, sio?"

Nikaapa. Mama ananijua, huwa siapi. Akaniambia nisiape bure. Akaniambia mume wake alimwacha ndani ya ile nyumba, na ndani ya ile nyumba atatokea siku zake zikitimia, na kama ni kufa basi heri afe amekaa pale alipowekwa kuliko kuonekana anazurura barabarani akiwa mjane wa miezi miwili. "Wewe mwenyewe uliwaambia wazee," akasema. "Nikakusifu. Nikasema huyu mtoto ana dini."

Nilitaka kumwambia. Mama, haikuwa dini. Badala yake nilimfokea mama yangu, mjane, mtu wa miaka sabini na kitu, nikamwambia ana kichwa kigumu. Akakata simu.

Nikaenda kwa shekhe wetu hapa mjini kabla watu hawajaanza kuingia kwa swala ya Ijumaa. Nitamkumbuka mzee yule kwa wema. Hakuniuliza maswali kumi. Alisema hiyo ni dharura, roho ya mtu ni amana, atoke leo na eda yake inaendelea huko atakapokuwa, na akaniambia nimpigie mama aongee naye mwenyewe. Akamweleza vizuri, kwa adabu, kwa aya. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante shekhe," akasema. "Wa wapi wewe?"

"Niko Kasulu, mama."

"Haya. Ahsante." Na simu ikakatwa.

Baada ya dakika mbili akanipigia mwenyewe kuniambia kwamba mashekhe wa bara wanasoma kitabu lakini hawana bahari. Nilitaka kuitupa simu ukutani. Na huku nimekasirika nikajiona nilivyo, kwa sababu kiburi kile nakijua. Nilikuja nacho Kasulu miaka kumi na sita iliyopita, na mpaka leo nikiona mtu wa hapa anafunga kanga upande huwa nacheka moyoni.

Nilirudi dukani. Nikampigia tena, nikaanza tena kufoka, barabara nzima inanisikia.

Anayeuza maharage mlangoni pangu ni Mama Nestori. Alivuka mpaka kutoka Burundi zamani sana, na mtoto mgongoni. Sasa ni raia, ana shamba na wajukuu, na kila Jumapili amevaa kitenge nilichomuuzia mimi akienda kanisani. Hapendi maneno mengi. Aliacha mizani yake, akaingia dukani, akanyoosha mkono.

"Nipe miye iyo simu."

Nikampa, kwa kuwa sikuwa na lingine.

"Mama, amahoro," akasema. "Miye ni jirani wa mtoto wako. Nisikilize kidogo tu. Wakati tunakimbia, mama mkwe wangu alikataa kutoka. Bamkwe alikuwa amekufa, tulikuwa bado kuganduka."

Akaona mama haelewi, akamweleza kwamba kuganduka ndiyo siku ya kumaliza msiba kwao, watu wanakusanyika, wanakunywa, mjane anaruhusiwa kushika jembe tena.

"Akasema hawezi kuacha urugo, nyumba yake, kabla hajaganduka mume wake. Tukamsihi. Tukamwacha, ego, ndiyo, tukamwacha." Akahamisha simu sikio la pili. "Ile siku ilipofika, tuliganduka huku Tanzania. Tuliganduka wao wawili."

Mama akasema kitu sikukisikia.

"Oya, hapana," Mama Nestori akajibu. "Hatukumuona tena."

Akanirudishia simu, akatoka nje kupima maharage ya mteja aliyekuwa anamngoja. Nilikuwa jirani yake miaka tisa na sikujua habari hiyo. Hata kuuliza sijawahi.

Safari hii mama hakukata simu. Bati likawa linagonga sasa bila kupumzika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Nitapitaje, Mwanahawa? Njia ya shule inapita pale wanapokaa wavuvi. Wanaume wote wapo pale."

Damu ikanipanda kichwani. Bahari inataka kuingia ndani, na yeye anaogopa macho ya wanaume. Nilifungua mdomo nimfokee tena. Lakini miaka yangu yote ya utu uzima nimeshinda katikati ya vitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kichwa changu kilifanya kazi.

Nikamwambia ampe simu Zuhura. Nikamwambia Zuhura atoe kanga zote kabatini, za mama na zake, azifunge mbili mbili, aite wanawake wa mtaa wasimame pande nne wazinyanyue, mama awe katikati. Tunafanya hivyo kwenye mazishi ya mwanamke, maiti anaposhushwa kaburini asionekane. Zuhura akaelewa mara moja. Nikamsikia mama nyuma yake anauliza, "Mnanizika nami ni mzima?"

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Mwambie tunamzika, atembee haraka."

Ilikuwa saa sita na nusu. Saa saba nikapiga, hawapatikani. Saa nane, hawapatikani. Hamisi anasema na yeye anapiga kusini, hawapatikani. Mtandao wa kule ulikuwa umelala.

Sitaeleza Ijumaa iliyobaki, wala Jumamosi. Nilifunga duka. Mume wangu alirudi kutoka shamba akanikuta nimekaa chini, akapika yeye. Mama Nestori alikuja na maharage ya nazi, kwa sababu aliwahi kunisikia nikilalamika kwamba watu wa hapa hawatii nazi. Sijui nazi aliipata wapi. Alikaa kidogo, akaondoka. Jua likawaka siku zote mbili. Nililichukia lile jua. Niliwachukia watu waliokuwa wanaanika nguo. Mteja mmoja aligonga mlango akataka kanga ya kitchen party, nikamwambia kupitia dirishani akavae gunia.

Muda wote huo nilikuwa na wazo moja tu: kwamba mama yangu angetoka Alhamisi kwa neno langu moja. Baba mdogo alishamwambia, majirani walikuwa wanabeba vitu, siku nzima ilikuwa mbele yake, upepo haujaanza. Angetoka taratibu, na kopo lake na msala wake. Mimi ndiye niliyepanda mlima kumzuia. Nilimfanya mama yangu kufuli la nyumba.

Leo asubuhi, saa tatu, namba nisiyoijua. Zuhura.

Mama mzima.

Niliposikia hivyo nilikaa juu ya majora ya vitenge nikalia mpaka Zuhura akawa ananiita huko kwenye simu, "Dada, upo? Salio la watu hili!" Akanisimulia haraka haraka.

Walikuja wanawake sita. Walipotoka mlangoni upepo ulikuwa umeshaanza kung'oa makuti. Mama alifunga mlango na kufuli, akaweka ufunguo kwenye pindo la mtandio wake, akachukua msahafu na kopo la kokoto. Hicho tu. Wakaanza kutembea, kanga zinawavuta huku na huku, yule wa nyuma akashindwa, kanga yake ikaruka ikaenda zake. Na wavuvi walikuwa pale pale, wanafunga mitumbwi kwa kamba, wote wakageuka kutazama.

Ndipo sauti ikasikika: "Geukeni! Geukeni nyote huko, shemeji yangu apita!"

Baba mdogo Shomari. Alitokea upande wa shule, kanzu imelowa imemganda mwilini. Alikuja akatangulia mbele, akawapa wanawake mgongo, akatembea hivyo mpaka juu, anatukana kila mwanaume aliyechelewa kugeuza uso. Zuhura anasema hakugeuka nyuma hata mara moja, hata mama alipojikwaa. Alisimama tu, akauliza, "Kainuka?" Walipomwambia kainuka, akaendelea.

Na walipofika shuleni, watu wamejaa hadi barazani, kulikuwa na pembe moja ya darasa la tatu, karibu na ubao, imezibwa kwa shuka mbili na kamba. Ndani mkeka, ndoo yenye kifuniko, na birika la kutawadhia. Mke wa baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni pake analinda asiingie mtu.

Nikamuuliza Zuhura, waliiandaa saa ngapi?

"Tangu Alhamisi," akasema. "Tangu adhuhuri ya Alhamisi."

Hesabu mwenyewe. Saa tano mimi nilimtukana. Saa sita alikuwa anafunga kamba.

Nyumba haipo. Bati lilikwenda kwanza, halafu bahari ikaingia jikoni, halafu ukuta wa chumbani ukaangukia ndani, juu ya kitanda cha mama. Kilichobaki kimesimama ni fremu ya mlango wa mbele na mlango wenyewe, wa mninga, baba aliununua kabla sijazaliwa. Umefungwa. Kufuli lake lipo.

Mama akachukua simu. Sauti imekauka lakini ile ile.

"Kokoto sabini na tano," akasema. "Ya jana nimetia, ya leo nimetia. Shekhe wako alisema zinahesabika."

"Zinahesabika, mama."

"Basi." Akakohoa. "Mwanahawa, ule mlango umebaki. Ufunguo ninao hapa, kwenye pindo. Wewe na Shomari mlikuwa mnaigombea nyumba, mimi nimekaa katikati yenu nasoma Kurani, mkidhani sioni. Sasa niambie. Ufunguo huu nimpe nani?"

Alingoja. Nikasikia watoto wanacheza nyuma yake, mtu anaita jina la mtu. Kisha akasema salio la wenyewe linakwisha, nimsalimie yule mama wa maharage, na simu ikakatika.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile ya wazee. Alifuta machozi akanisifu mbele ya watu, akijua.

Na mtu asije hapa kwenye maoni kuniambia baba mdogo ni mtu mwema kumbe. Zuhura ameniambia pia kwamba leo, kabla hata watu hawajanywa chai, baba mdogo alionekana chini kule, pale nyumba ilipokuwa, anapima kwa hatua. Moja, mbili, tatu, kutoka mlangoni hadi baharini. Ni yule yule. Mtu aliyefunga kamba Alhamisi na anayepima kiwanja Jumapili ni mmoja, na hilo linanikasirisha kuliko yote, kwa kuwa ningependa nimchukie kwa raha zangu na amenikatalia.

Nimekata tiketi. Basi linaondoka kesho alfajiri. Mume wangu atabaki na duka, Mama Nestori atabaki na mume wangu, maana ukimwacha huyo na wateja wa kike atauza kwa hasara. Nitakwenda nikakae kwenye lile darasa mpaka kokoto zitimie, na mama akiniuliza tena nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba sikuwa natetea dini. Ufunguo auweke yeye. Akitaka autupe baharini.

Lakini hiyo ni kesho na keshokutwa. Kuna neno moja linalotakiwa litoke leo, na halitaki. Nimeandika namba ya baba mdogo mara tatu, nikafuta mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuanza na zile hatua alizokuwa anapima. Mara ya pili nilitaka kumuuliza kwa nini hakunirudia Alhamisi, kwa nini hakunifokea, kwa nini alisema tu "haya." Mara ya tatu nililia.

Mama Nestori ananiangalia kutoka kwenye maharage yake.

Bado nina hasira na baba mdogo. Napiga hivyo hivyo. Inaita.